Inueni Miguu

Sauti ilipotoka, Mama Pacha alimkumbatia shemeji yake mbele ya mumewe na mbele ya mama mkwe, jambo ambalo siku nyingine lingeitishiwa kikao cha familia. Tangu saa tatu asubuhi kompyuta ilikuwa bubu. Sasa saa nne unusu, kutoka kwenye spika mbili ndogo zilizoshikizwa kwa selotepu, ilisikika sauti nzito ya mzee mmoja ikisema, "Shahidi, ongea polepole, hakuna anayekukimbiza."

"Mmeona?" alisema shemeji mtu. "Ilikuwa inaongea muda wote! Ila sauti ilikuwa inaipeleka kwenye kioo, na kioo hakina spika. Nimeigeuza tu njia."

"Ni mambo ya bomba hayo," alisema Baba Pacha, ambaye ni fundi bomba na kwake kila kitu duniani ni mambo ya bomba. "Maji yapo, koki iliyofunguliwa siyo."

Shemeji huyu aliitwa Injinia. Jina lenyewe alipewa kwa kejeli mwaka alioacha chuo, naye badala ya kununa akalipenda, akalivaa kama suti. Jana jioni ndiye aliyeufuta mfumo wa zamani wa kompyuta, ule uliokuwa ukijizima kila robo saa ukidai leseni, akaweka Linux, mfumo wa bure aliokuja nao ndani ya flashi ndogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akiichomeka. Tangu hapo nyumba ilikuwa na shamrashamra za kufungua zawadi. Printa ilitambuliwa kabla haijaombwa, wakapiga makofi. Kipanya kikaamka, makofi. Intaneti ya simu ikapita kwenye waya, makofi na kigelegele kimoja cha mama mkwe, ambaye hakujua intaneti imepita wapi lakini hakutaka kuachwa nyuma.

Kilichobaki ni kanyagio, na bila kanyagio shangwe zote zile zilikuwa kelele za bure.

Mama Pacha alikuwa mnukuzi. Kazi yake ni kusikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuandika kila neno lililosemwa, na kila mtu aliyelisema. Mnukuzi hana mkono wa tatu. Mikono iko kwenye herufi, kwa hiyo sauti huendeshwa kwa mguu. Chini ya meza hukaa kibao cheusi chenye waya. Ukikigonga kwa unyayo, rekodi inaongea. Ukikigonga tena, inanyamaza, na ukiianzisha inarudi nyuma kidogo ili usikose neno. Ofisi aliyoifanyia kazi miaka kumi na moja ilipofungwa, wenzake waliondoka na viti na mapazia. Yeye aliondoka na kanyagio.

Asubuhi hiyo kampuni moja ya unukuzi ilikuwa imemtumia kazi ya majaribio. Ilikuwa rekodi ya dakika arobaini, shauri la majirani wawili wanaogombania ukuta, irudishwe saa kumi kamili alasiri. Waliotumiwa ni watu sita na anayetakiwa ni mmoja. Atakayepita atakuwa mnukuzi wa kudumu, akifanyia kazi nyumbani. Asiyepita, kama ni Mama Pacha, atarudi kwenye duka la fotokopi la kona, kupanga karatasi za watu na kuzibana pini huku mwenye duka, kijana ambaye ndevu bado zinamfanyia majaribio, akimwita "wee mama wa pini." Miezi minane alikuwa ameitika jina hilo. Alikuwa tayari kula kanyagio lenyewe kuliko kuliitika tena.

"Haya, shemeji," alisema Injinia. "Fungua rekodi. Kanyaga."

Mama Pacha akakanyaga. Kimya.

"Kanyaga kwa moyo."

Akakanyaga kwa moyo. Kimya kama maji mtungini.

Baba Pacha alichomoa waya wa kanyagio, akaupuliza kwenye ncha, akapuliza na tundu la kompyuta, akaurudisha. Kimya. Akauhamishia tundu la pili. Kimya.

"Limekufa," alisema.

"Halijafa," alisema Mama Pacha kwa ukali uliowashangaza wote. "Lilikuwa linafanya kazi juzi."

"Mgeni hajalijua, basi," alisema Injinia. "Tutawatambulisha."

*

Utambulisho ulianza. Injinia alifungua dirisha jeusi, lile la kuandikia amri, akavuta kiti na kukaa mbele ya kompyuta. Mama Pacha alihamia kiti cha pembeni lakini mguu wake wa kulia ukabaki pale pale, juu ya kanyagio, kwa sababu ndiko ulikozoea kukaa.

Sasa huo mguu inabidi uelezwe. Miaka kumi na moja ya kunukuu ilikuwa imeupa akili zake wenyewe. Mtu yeyote akisema jambo la maana, unyayo wa Mama Pacha unagonga chini, kama vile msemaji ni rekodi inayohitaji kusimamishwa na kuendeshwa. Kwenye vikao vya wazazi shuleni aligonga sakafu mpaka walimu wakawa wanatazamana. Siku ya kuposwa, mjumbe alipokuwa anasema yake, mguu uligonga mara nyingi hivi kwamba upande wa mume uliuliza kando kama binti ana ugonjwa. Mwenyewe hakuwa na habari nao. Mguu ulikuwa mguu, na mwenye mguu alikuwa na mambo yake.

"Naiuliza kwanza ni vitu gani imeviona," alisema Injinia akiandika. "Halafu, shemeji, sikiliza vizuri, hapa ndipo penye kazi..."

Mama Pacha akasikiliza vizuri.

Amri ikaondoka ikiwa nusu. Kompyuta ikajibu kwamba amri ya namna hiyo haijui.

"Mbona imenikatiza?" alisema Injinia. Akaanza upya. "Nilikuwa nasema, hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kila kifaa kina namba yake..."

Ikamkatiza tena. Akaandika kwa haraka ili aiwahi. Ikamkatiza katikati ya haraka. Akaandika herufi moja moja huku akiitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini. Alipofika katikati alifungua kinywa amweleze shemeji yake maana ya alichoandika, na amri ikaondoka.

"Hii mashine ina kiherehere!" alipiga kelele. "Hainiachi nimalize!"

"Labda imekuchoka," alisema Baba Pacha.

"Miaka miwili chuo, kaka, naijua Linux. Hii ina lake jambo."

Saa sita kasoro, katika pitapita zake, Injinia alifikia kidirisha kilichouliza kama kompyuta izimwe na iwashwe upya. Neno "Ndiyo" lilikuwa limeng'aa. Injinia aliinua mikono yote miwili juu, mbali na herufi, kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

"Hapa sasa nisikilizeni wote," alisema kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Hapa tusikubali. Tukikubali, inazima, tunapoteza robo saa. Hakuna anayegusa chochote. Tumeelewana? Shemeji, umenielewa?"

Mama Pacha alimwelewa kwa moyo wake wote na kwa mguu wake wote. Kompyuta ikazima.

Walibaki wanautazama weusi wa kioo. Kisha Baba Pacha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukwama kooni, Injinia akamfuata akishika mbavu, na mama mkwe pale mlangoni, juu ya kigoda, akacheka kwa sababu wanawe wanacheka. Mama Pacha naye alijaribu kuwakasirikia, ikamshinda.

"Mnacheka nini? Mimi nakosa kazi!" alisema, na machozi ya kicheko yanamtiririka.

*

Kompyuta ilipoamka, sauti ilikuwa imerudi kwenye kioo, wakaitoa tena. Mama Pacha akaamua kuanza kazi kwa kipanya. Kucheza, kusimamisha, mkono urudi kwenye herufi, maneno mawili, mkono uende kwenye kipanya, kumbe mtu kashasema sentensi tatu. Shahidi katika shauri lile alikuwa mwashi aliyeongea kama maharage yanayomwagwa kwenye sufuria. Hadi saa sita unusu alikuwa na dakika saba tu kati ya arobaini, mistari mitupu asiyojua imetoka wapi, na jasho.

"Mwombe msimamizi wa kampuni akuongezee muda," alisema Baba Pacha.

Hilo hakulipenda. Msimamizi alikuwa amemwuliza kwenye usaili, huku akiangalia kucha zake, kama mtu wa umri wake anajua kweli kutumia kompyuta au alizoea taipureta. Lakini maji yalikuwa shingoni. Alifungua ukurasa wa kutumiana ujumbe na ofisi, akakaa wima, akatafuta maneno ya heshima. Kila alipopata maneno mawili matatu mazuri alitua kuyasikiliza kichwani.

Kwenye kioo yakaonekana yameshatumwa: *Dada Msimamizi, samahani, ninaomba*

"Aa! Imetuma!"

"Endelea, malizia," alisema Injinia.

*unifahamu kwamba kompyuta yangu*

Imetuma. Jibu likaja: *Unaomba nini?*

*Siombi*

Imetuma. Mama Pacha akapiga yowe dogo.

*kitu kikubwa, ila shemeji yangu ame*

Imetuma.

*Shemeji yako amefanya nini?* aliuliza Msimamizi.

"Acha, usiandike tena!" alisema Baba Pacha. "Unanichafulia mdogo wangu!"

Msimamizi hakungoja. Ujumbe wake ulikuja mrefu, umekamilika, una mpaka nukta: *Dada, mnukuzi asiyeweza kumaliza sentensi yake mwenyewe atamalizaje shauri la watu? Saa kumi ni saa kumi. Wenzako wawili wameshaleta.*

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Pacha alisoma ujumbe ule mara mbili. Maneno ya kijana wa duka la fotokopi yalikuwa yanamwudhi, lakini haya yalimwuma, kwa sababu kwa macho ya aliyeyaandika yalikuwa kweli.

"Basi," alisema. "Naenda kupanga pini."

"Mama Pacha," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda.

"Bee, mama."

"Hebu ukae hapo hapo. Na wewe Injinia, rudi kwenye lile dirisha lako jeusi."

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani miaka thelathini, na asubuhi nzima alikuwa anakunja pindo la pazia la mteja kwa mkono, kimya, isipokuwa kwenye vigelegele. Kigoda chake kilikuwa kifupi. Wenzake wote walikuwa wanaangalia kioo. Yeye, alipokaa pale, macho yake yaliona chini ya meza na juu ya meza kwa pamoja.

"Mwanangu, gonga huo mguu wako."

"Upi, mama?"

"Huo unaogonga tangu asubuhi."

"Mimi? Sijagonga chochote!"

Watatu wale wakamwangalia kwa huruma. Mama Pacha akashusha macho, akauona unyayo wake umetulia juu ya kibao kama kuku anayeatamia. Akagonga.

Kwenye dirisha jeusi mstari ukaruka.

Akagonga tena. Mstari ukaruka tena.

"Nimekaa kwenye cherehani mpaka magoti yamekwisha," alisema mama mkwe. "Mguu na sindano vikiwa vimeoana, navijua. Huo mguu na hicho kioo mmeviozesha tangu asubuhi, nyie mnasema kanyagio limekufa."

Injinia alishika kichwa. "Enta! Imelichukua kanyagio kama kibodi! Kibodi yenye kitufe kimoja, Enta, kile cha kukubali na kutuma! Kila ukikanyaga inajua umebonyeza Enta!" Alisimama, akaketi, akasimama. "Kwa hiyo amri zangu... kwa hiyo kuzima... shemeji, ni wewe!"

"Ni mimi?"

"Ni wewe! Wewe ndiye kiherehere!"

Nyumba ililipuka. Baba Pacha aliegemea ukuta, akateleza hadi sakafuni. Mama Pacha, badala ya kuona aibu, aliona furaha inampanda kutoka kwenye huo huo mguu. Kanyagio lake lilikuwa hai. Lilikuwa limefanya kazi asubuhi nzima kupita watu wote mle ndani, bila kushukuriwa, na kwa kazi isiyo yake.

*

Dawa ilikuwepo. Injinia aliipata kwenye simu yake, kwenye ukurasa ambapo watu wasiojuana husaidiana shida kama hizi: programu ndogo ya kulifundisha kanyagio kitufe kingine. Walichagua kimoja cha safu ya juu, F9, ambacho Mama Pacha aliapa hajawahi kukigusa. Kanyagio likishajifunza kuwa F9, rekodi nayo inaambiwa kwamba F9 ikija, iongee au inyamaze. Tatizo lilikuwa kwamba amri ilikuwa ndefu kama mkeka, nayo ilitaka kanyagio liwe limechomekwa. Enta moja ya bahati mbaya katikati, na linaweza kujifunza upuuzi.

"Inueni miguu!" aliamuru Injinia.

Mama Pacha akainua miguu yake yote miwili, akaikumbatia magotini juu ya kiti. Mama mkwe, pale mlangoni, hatua sita kutoka kwenye kanyagio, naye akainua yake, pazia mapajani. Baba Pacha alikuwa amesimama. Alifikiri kidogo, kisha akainua mmoja.

Ingewezekana, bila shaka, kulisogeza kanyagio pembeni. Akili hiyo iliwajia kesho yake, wakati wa chai.

Injinia akaandika. Hakuna aliyepumua. Mtu wa mita za maji alipita dirishani, akachungulia ndani, akaona familia nzima imeinua miguu kama kuna mafuriko, akaangalia sakafu, akaikuta kavu, akaenda zake bila kusoma mita.

"Nimemaliza. Sasa naibonyeza Enta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiari yangu." Akabonyeza. "Shusha, shemeji. Taratibu. Kanyaga."

Mama Pacha akashusha mguu, akagonga.

"...na huo ukuta mimi nimeujenga kwa mikono hii," ilisema sauti ya mwashi, kwa kasi, "na mchanga ulikuwa..."

Akagonga. Mwashi akanyamaza.

Akagonga. Mwashi akaongea.

Kelele walizopiga zilimfanya jirani agonge ukuta. Injinia alimbeba kaka yake, na mama mkwe alipiga vigelegele vitatu mfululizo, akakohoa. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Zilibaki dakika thelathini na tatu za rekodi, na saa mbili na nusu za dunia.

*

Aliandika. Basi tuseme hivyo tu, ingawa kumwona ilikuwa raha. Mguu ulikuwa unagonga na vidole vinakimbia, mwashi anamwaga maharage na Mama Pacha anayadaka punje kwa punje. Alimwandika mwenyekiti, yule mzee wa sauti nzito, akamwandika mwenye ukuta aliyekuwa anapiga meza, akamwandika na mlalamikaji, bibi mmoja mwenye sauti ya chini aliyeombwa kila mara aongee kwa nguvu. Pacha waliporudi kutoka shule, bibi yao aliwapokea nje na kidole mdomoni, wakala chakula chao ngazini kwa kunong'ona.

Kwenye dakika ya ishirini na tisa ya rekodi wote walikuwa wanaongea kwa pamoja. Mwenyekiti anagonga meza, mwashi anaapa, na katikati ya ghasia ile yule bibi mlalamikaji akasema kitu. Mama Pacha hakukisikia. Akagonga, akarudi. Hakukisikia. Kanuni inaruhusu mtu aandike "haisikiki" na kupita, na saa ilikuwa tisa na nusu. Baba Pacha, aliyekuwa anachungulia, alimwonyesha saa yake ya mkononi kwa ishara. Mama Pacha akafunga macho, akagonga. Mara ya tano, mara ya nane. Mara ya kumi na moja alifungua macho na kuandika.

Saa kumi kasoro dakika mbili kazi iliondoka. Kisha wakakaa, wote, wakaiangalia simu iliyokuwa juu ya meza.

Ililia saa kumi na moja na robo. Mama Pacha aliipokea akiwa amesimama.

"Nimepitia kazi zote sita," alisema Msimamizi bila salamu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeangalia kucha. "Dakika ya ishirini na tisa. Wenzako wote watano wameandika haisikiki. Wewe umeandika maneno."

"Ndiyo, dada."

"Nilidhani umeyatunga. Nimevaa spika za masikio nikarudia mpaka masikio yameuma. Kweli yapo. Yule mama anasema, 'Ukuta na ubaki, mimi nataka anisalimie tu kama zamani.'"

"Ndivyo alivyosema."

"Kesi nzima watu wanapigia kelele matofali, na hakuna aliyemsikia. Hata mwenyekiti. Nimempigia, amesema ataliita shauri upya." Karatasi zilisikika zikigeuzwa upande wa pili. "Nimekutumia rekodi nyingine, ya saa nzima. Naitaka kesho mchana. Mkataba utausaini ukileta. Na dada..."

"Naam."

"Shemeji yako alifanya nini?"

"Ni hadithi ndefu, dada."

"Utanisimulia."

Simu ikakatika. Mama Pacha aliiweka mezani polepole, kama kitu kinachoweza kumwagika. Watu wazima watatu na pacha wawili walikuwa wamejazana mlangoni.

"Wamesemaje?" alinong'ona mama mkwe.

Mama Pacha akatikisa kichwa kwa kukubali, mara moja, mara mbili, na kabla hajatikisa ya tatu nyumba ilikuwa imeshapaa. Pacha wanaruka, Injinia anacheza dansi isiyojulikana ilikotoka, Baba Pacha anagonga sufuria kwa spana, mama mkwe vigelegele bila kupumua. Jirani aligonga ukuta, hakuna aliyemsikia.

Mama Pacha aliwaangalia, machozi yakimteremka hadi kidevuni, hakuyafuta. Akavuta kiti, akaketi, akaweka mikono kwenye herufi na mguu mahali pake. Kisha akageuza shingo.

"Jamani," alisema, "punguzeni kelele. Watu tuko kazini."